Moyo wa Dada Aili na Kipimo cha Wanawake

Ndugu waombolezaji, mimi ni Reino Lahti, mdogo wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake bila kuwachekesha watu, nitajitahidi.

Dada Aili Kangas alizaliwa tarehe 4 Novemba 1930 hapa Calumet, Michigan, akasoma hapa hapa hadi sekondari, na mwaka 1948 akaajiriwa kuunganisha simu za mji, kazi iliyomfaa kwa sababu alikuwa mdadisi kupindukia, ingawa mwenyewe alisema hasikilizi simu za watu, anazisikia tu. Tarehe 14 Juni 1952 alifunga ndoa na shemeji Eino, mchimba shaba, wakajaliwa Paul na Karen.

Februari 1998 dada yetu mkubwa, Helmi, alifariki kwa moyo kushindwa kufanya kazi, mwaka mmoja tu baada ya kupimwa na kuambiwa kwamba vyumba vya moyo wake vina ukubwa wa kawaida. Aili alimwendea daktari, akamuuliza, "Kawaida ya nani?" Daktari akakiri kwamba viwango alivyofuata vilitokana zaidi na wanaume, tena vijana. Tangu hapo dada hakutulia, alitaka kujua moyo wa bibi kizee mzima una ukubwa gani, na alikuwa na hofu, maana yeye na Helmi walifanana kila kitu.

Basi watafiti wa moyo walipokuja mwaka 2000 kutafuta wazee wenye afya, wanaume kwa wanawake, ili wawapime na kupata viwango vya kila kundi, aliwakusanya kina mama wa kanisa hili kwa kahawa na mkate wa iliki, na aliyekataa alifuatwa mpaka kwenye mvuke ndani ya sauna. Yeye na Eino walipimwa siku moja, chumba cha chini kushoto cha moyo kikawa na upana wa sentimita tano na nusu kwa wote wawili, shemeji akatamba, "Umeona, mke wangu, tumeoana mpaka mioyo."

Lakini vipimo vya kina mama vilipokamilika na kuonyesha kwamba mioyo yao ni midogo kuliko ya wanaume, ukubwa uliokuwa wa kawaida kwa Eino ulionekana umezidi kwa Aili, wakamtoa kwenye kundi la wenye afya. Alinijia jikoni amefura, "Reino, mkate nimeoka mimi, watu nimewaleta mimi, halafu anayetolewa ni mimi?" Kisha akalia, nami nikalia naye. Walipochunguza zaidi wakakuta vali, ule mlango wa ndani ya moyo, inavuja, akapasuliwa Machi 2001, akapona, akaja kumzika Eino, akapakata vitukuu.

Januari mwaka huu aliugua nimonia, na tarehe 11 Februari 2018 akatutoka, akiwa na miaka themanini na saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomwondolea theluji mlangoni, na wenzake wa simu. Na nyinyi kina mama mliopimwa, najua mlifuata mkate, na wengine mlinung'unika kwamba mmepotezewa siku nzima ili mwambiwe hamna tatizo. Mioyo yenu isiyo na tatizo ndiyo iliyoonyesha kwamba wake unalo, tukakaa naye karibu miaka kumi na saba. Helmi hakuwa na wa kulinganishwa naye.

Dada Aili, lala kwa amani.