Paka Aliyenusa Omena

Kwenye tuktuk mjini Voi, nilikaa na mwanangu katikati ya nyanya aliyepakata paka kikapuni na mfugaji wa mbuzi kutoka Ndara. "Amezeeka, amebaki mifupa," nyanya alimwambia mfugaji. "Hata samaki wa omena ananusa tu, anaondoka. Nampeleka kwa daktari wa mifugo adungwe sindano, apumzike milele."

"Akinusa, njaa anayo, mama." Mfugaji akampanua paka mdomo kama anayenunua mbuzi. Alikwaruzwa, sikumlaumu paka. "Jino hili limeoza. Mpondee omena kwa supu."

"Ana miaka kumi na saba. Nimtese mpaka lini?"

"Daktari aangalie jino kwanza."

Mwanangu naye alikataa uji wiki nzima akiota meno.

Tuktuk ikasimama kwa daktari. Nyanya alishuka, kidole kikipapasa taya la paka.