Recheli Mihayo na Wadudu wa Deus

Ifikapo tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Recheli Mihayo atavua koti jeupe la maabara baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Sisi wa kituo hiki cha afya, hapa Isevya, tumeanza kujizoeza kupita mbele ya dirisha lake bila kuinama.

Kuinama kulikuwa sheria. Hadubini yake ya kwanza haikuwa na taa. Ilikuwa na kioo kidogo chini, kinachodaka jua na kulirusha juu, lipite kwenye tone la damu na lenzi mpaka jichoni. Aliyesimama dirishani alimzimia umeme. Mzee Thabit, jirani yetu mwenye duka, alianika kanzu zake hapo mara moja tu. Alizikuta juu ya kaunta yake zimekunjwa vizuri, pamoja na shikamoo na ujumbe kwamba vimelea vya malaria havionekani gizani.

Baadaye ikaja hadubini ya taa, kisha ile inayofanya vijidudu ving'ae. Kwa hadubini hiyo, makohozi hupakwa rangi maalumu, na bakteria wa kifua kikuu huonekana kama vijiti vya njano kwenye giza. Sampuli nyingi hupekuliwa kwa muda mfupi.

Ndipo akaja Deus, mkulima wa tumbaku kutoka Urambo, aliyetuomba mwenyewe tumtaje. Alikutwa na kifua kikuu, akaanza dawa. Kikohozi kilipopungua, akagoma: yeye mzima, sisi tunamsingizia ugonjwa. Angeacha dawa, ugonjwa ungerudi ukiwa sugu, na wanawe walilala naye chumba kimoja.

Recheli hakubishana. Kwake, kila mgonjwa alikuwa na haki ya kuwaona wageni wake. Alimkalisha kwenye kiti chake, akamwekea sampuli yake ya siku ya kwanza. Deus akachungulia, akatangaza kwamba wadudu wake ni weusi, warefu, na wanapiga makofi. Recheli akamwambia hizo ni kope zake, arudi nyuma kidogo. Marehemu Advera, mke wangu mimi ninayeandika haya, aliyekuwa akigawa dawa hapa kituoni, alicheka mpaka akaweka jagi la maji chini.

Deus akarudi nyuma, akawaona wale wa njano. Kisha akataka rufaa: amesikia kuna hadubini kubwa ya elektroni, apelekwe huko. Recheli akamjibu kwamba hiyo inaonyesha hata virusi, lakini sampuli huingia mahali pasipo na hewa, ikiwa imekauka na kufa. Wa kwake kifuani bado wanakula, kwa hiyo ameze dawa.

Alimeza miezi sita yote. Sampuli ya mwisho aliitazama kwa muda mrefu, akalalamika kwamba safari hii hakuna cha kuangalia. Wanawe wote walipimwa, wakakutwa salama.

Mama Recheli, asante kwa subira na kwa vicheko. Nenda kijijini Lusu ufuge nyuki wako, wanaoonekana bila lenzi. Tunakuombea afya, usingizi mzuri, na majirani wenye kamba za nguo mbali na dirisha lako.