Makapi ya Mama Laurentine

KAVIRA: Haloo? Haloo, ni nani uyu?

PHIONAH: Wasibire, yaya Kavira.

KAVIRA: Wasibire... Weye nani? Namba hii siijue.

PHIONAH: Ni mimi. Phionah wa Kasese.

KAVIRA: Eh! Phionah! Na simu ya nani?

PHIONAH: Ya Sylivia, huyu tunapika naye gesti ya wageni. Yangu umekataa kushika. Tangu Jumapili napiga, inalia, inalia, mpaka inachoka yenyewe.

KAVIRA: Si kukataa, mudogo wangu. Naachaka simu ku nyumba, miye naenda ku soko. Na huku Bwera rezo ya simu iko mubaya—

PHIONAH: Rezo mbaya, na simu inalia vizuri?

KAVIRA: [anacheka kidogo] Aa, weye! Bo, habari ya Kasese?

PHIONAH: Jua tu. Wageni wa kupanda mlima wako tele, wale wa kula bila maziwa, bila yai. Kila asubuhi ni oti, ile nafaka ya uji wa wazungu. Oti za kulowekwa kwa maziwa ya karanga, oti za kuponda na ndizi za bogoya, oti za kukaanga na simsim. Usiku nikilala naona oti.

KAVIRA: Makapi!

PHIONAH: Mama yako Laurentine bado anaziita hivyo?

KAVIRA: Ata jana. Mutu akipita anamwambia, "Mutoto wa Kasese ananilisha makapi kama kuku, na ona, nataga bado." [anacheka, kisha anaacha] Njo mama huyo.

PHIONAH: Yaya, ndiyo sababu nimekupigia.

KAVIRA: Makapi iliisha kufika, mersi. Usisumbuke.

PHIONAH: Jonan amenirudishia mukebe jana.

KAVIRA: Jonan wa taksi? Ndiyo, nilimupa miye mwenyewe.

PHIONAH: Sasa imerudi mikebe minne. Nimetuma mitano. Ile ya kwanza, ya kifuniko chekundu, bado uko nayo.

KAVIRA: Iko. Iko fasi fulani. Nitaitafuta.

PHIONAH: Kila wiki unasema utaitafuta.

KAVIRA: Ni mukebe tu, Phionah! Nitakulipa mukebe!

PHIONAH: Sitaki mukebe, yaya. Sikia. Huu wa jana nimeufungua nikijua ni mtupu, niuoshe. Imejaa.

KAVIRA: Imejaa?

PHIONAH: Imejaa vile nilivyoijaza. Karatasi ya juu hata haijakunjwa. Hakula hata kipande kimoja. Nikamuuliza Jonan, akaniambia maneno.

KAVIRA: Jonan anapendaka maneno mingi.

PHIONAH: Anasema mama ameacha kula. Anasema kuanzia Jumatatu ni maji tu. Ni kweli au si kweli?

KAVIRA: ...Ni kweli.

PHIONAH: Banange.

KAVIRA: Nimemwomba. Nimepiga magoti mbele yake, miye mutu mukubwa. Anasema Mungu amefunga masikio. Miezi miwili nadhiri yake iko pale, na ndugu yangu Katembo hapigi simu, hatumi mutu. Donc, basi, kosa iko kwake yeye. Anasema, "Mudomo yangu iliguswa na kitu. Siijue ni nini, ila iliguswa." Njo anataka kuisafisha na maji.

PHIONAH: Alisema hivyo? Mdomo umeguswa?

KAVIRA: Kila asubuhi. Anakaa pale ku mulango anahesabu. "Nilikula nini siku ile? Nilikula kwa nani?" Ata majirani anabauliza kama walipika maharagi na chungu ya nyama.

PHIONAH: Yesu.

KAVIRA: Haloo? Unalia?

PHIONAH: Rezo hiyo.

KAVIRA: Rezo haina pua, Phionah.

PHIONAH: Yaya Kavira, siku mama anafunga nadhiri nilikuwa hapo kwenu. Nilimsikia kwa masikio yangu. Hakuna nyama, hakuna maziwa, hakuna yai, hakuna kitu chochote iliyotoka kwa mnyama, mpaka Katembo avuke mpaka wa nchi, afike Bwera kwa miguu yake. Na wewe ukanishika mkono ukasema, "Phionah, weye unajua chakula ya wazungu wa bila mnyama. Nisaidie mama asikufe." Sindiyo?

KAVIRA: Njo hivyo. Na ulinisaidia.

PHIONAH: Sikukusaidia.

KAVIRA: Weye? Ungesikia vile anazipenda! Ile ya kwanza ilifika imevunjika yote, unga mutupu, akala na kijiko, akasema makapi ni makapi. Lakini zile zingine! Zilishikana vizuri, tamu, akalamba vidole. Shavu ikarudi kidogo—

PHIONAH: Niliweka mafuta.

KAVIRA: Eh?

PHIONAH: Ndani. Zishikane. Niliweka mafuta.

KAVIRA: Sasa mafuta ina kosa gani? Kwetu ata mafuta ya ngazi mama anaitumia. Ngazi si munyama, weye. Nani alikuambia—

PHIONAH: Si ya mawese.

KAVIRA: Basi ya karanga, ya alizeti, ni mamoja—

PHIONAH: Yaya. Mafuta ya ng'ombe.

[simu inakwaruza]

PHIONAH: Samli. Ile mama mmoja analeta gesti kutoka kwa wafugaji wa chini huko. Haloo? ... Yaya, uko?

KAVIRA: Niko.

PHIONAH: Nitukane.

KAVIRA: Semaka. Maliza.

PHIONAH: Ile ya kwanza ilivunjika, nikasikia haya. Mimi napikia watu wa ng'ambo, wananipigia makofi, halafu mama yako anapata unga. Na wewe ulikuwa unaniambia, mama anakonda, mama anapotea, kitenge kinamuanguka. Nikasema, kijiko moja. Kijiko moja Mungu hataona. Nikaponda bogoya, nikaweka oti, karanga ya kutwanga, mdalasini kidogo, na kijiko hicho. Zikashikana kama matofali ya Hima. Ukanipigia ukaniambia amelamba vidole.

KAVIRA: Ndiyo, nilikupigia.

PHIONAH: Nilifurahi. Hiyo ndiyo inaniuma zaidi, yaya. Nilifurahi, nikaenda nikaweka vijiko vitatu.

KAVIRA: Tatu!

PHIONAH: Mara nne. Mikebe minne. Jumapili nakaa nyuma kanisani kama mtu amekuja kujikinga mvua. Mama anahesabu majirani wa watu, anauliza chungu cha nani, na chungu ni changu. Ni mimi nimegusa mdomo wake. Ni mimi nimemfungia Katembo njia. Kama—

KAVIRA: Phionah.

PHIONAH: Kama ningeacha zivunjike, saa hii labda Katembo—

KAVIRA: Phionah! Acha. Nikuulize kitu moja.

PHIONAH: Uliza.

KAVIRA: Mukebe ya kwanza. Ya kifuniko ya mwekundu. Uliweka?

PHIONAH: Samli?

KAVIRA: Mafuta ya ngombe. Ata kidogo. Ata ya kupaka ku sufuria.

PHIONAH: Hapana. Hiyo ilikuwa safi kabisa. Ndiyo maana ilivunjika.

KAVIRA: Apa mbele ya Mungu.

PHIONAH: Mbele ya Mungu. Bogoya, oti, karanga, chumvi. Basi.

KAVIRA: Bo. Basi si weye.

PHIONAH: Si mimi nini?

KAVIRA: Ngoja nitoke inje. Mama iko hapa karibu. [mlango unalia, kuku, pikipiki inapita] Phionah, unanisikia?

PHIONAH: Nakusikia.

KAVIRA: Siku mukebe ile inafika, Jonan aliileta saa nne. Saa saba akakuya mutu mumoja kutoka upande ya Beni, anatembea na kandambili moja. Banavunaga kakao pamoja, yeye na... yeye na ndugu yangu.

PHIONAH: Yaya.

KAVIRA: Akasema Katembo hayuko tena. Nikamwambia, "Unakosea, baba. Katembo beko wengi. Kila nyumba ya Wanande iko Katembo, ata mutoto wa jirani hapa ni Katembo. Enda utafute mama ya Katembo wako." Nilimufukuza, Phionah. Mutu ametembea siku tatu na kiatu moja, nikamufukuza kama mbwa.

PHIONAH: Na akaenda?

KAVIRA: Akafungua mukono. Akaniwekea rozari. Ile mama alimufungia Katembo na uzi ya kijani, sababu ile ya zamani ilikatika. Mafundo ya mama nayajua. Ni yeye alinifundisha kufunga.

PHIONAH: Mama alikuwa wapi?

KAVIRA: Ku kisima. Nikasikia anarudi, anaimba. Rozari iko mu mukono. Sikukuwa na fasi ya kuificha. Mukebe yako iko juu ya meza. Nikamwaga makapi mu sahani, nikaiweka ndani, nikafunga kifuniko. Njo akaingia, akaona sahani, akauliza, "Sasa hii unga?" Nikamwambia, "Ilivunjika mu njia, mama." Akachukua kijiko.

PHIONAH: Iko ndani mpaka leo.

KAVIRA: Mpaka leo. Chini ya kitanda yangu. Nikilala naisikia kama inalia na haililie.

PHIONAH: Wiki tano, yaya!

KAVIRA: Wiki tano na siku mbili.

PHIONAH: Na unamuacha anafunga? Anangojea mtu?

KAVIRA: Weye uliona vile alikuya hapa kutoka Butembo? Alikuwa kama nguo ku kamba. Ile nadhiri njo ilimusimamisha. Asubuhi anaamuka juu ya nadhiri. Anaoga juu ya nadhiri. Nikiitoa, atashika nini? Nilisema, leo hapana. Kesho. Akila kidogo, akipata nguvu, njo nitamwambia. Makapi yako ikamupa nguvu, nikasema, ngoja azidi kidogo. Na weye uko kule unafikiri ni kijiko yako iliua mutu.

PHIONAH: Mimi nilitia samli afurahi. Wewe umefunga mukebe afurahi.

KAVIRA: Njo hivyo.

PHIONAH: Na yeye anakufa njaa kwa sababu ya furaha yetu.

KAVIRA: Furaha yetu.

PHIONAH: Yaya, nisamehe, sikusema vizuri—

KAVIRA: Ulisema vizuri. [kwa mbali] Wi, mama! ... Ni Phionah! ... Ndiyo, wa Kasese! ... Anakusalimia! [karibu] Anauliza kama makapi ilimukasirikia yeye, kwa vile ameirudisha.

PHIONAH: Mwambie hapana.

KAVIRA: Anasema hapana, mama! ... Eh? ... [karibu, polepole] Anauliza kama unamuombeaka Katembo.

PHIONAH: ...Mwambie namuombea. Leo namuombea zaidi.

KAVIRA: Anamuombea, mama. Ingia ndani, jua ni kali. ... Ameingia. Phionah, miye siwezi. Nilijaribu. Nafungua mudomo, inatoka habari ya chumvi.

PHIONAH: Kesho ni Jumamosi.

KAVIRA: Bo, na?

PHIONAH: Nakuja na Jonan, gari ya kwanza. Sylivia atanisaidia na wageni. Tutakaa wawili, mmoja huku mmoja huku. Nitaanza mimi na samli yangu, anipige kama anataka. Akimaliza kunipiga, utatoa mukebe.

KAVIRA: Atatulaani.

PHIONAH: Atulaani amekula, kuliko kukaa na maji tu kama tangu Jumatatu.

KAVIRA: [analia, anacheka katikati] Weye mutoto ulisoma wapi?

PHIONAH: Darasa la saba, halafu jikoni.

KAVIRA: Sikia, basi... kuya na yale makapi. Ile yenye inashikana. Akiisha kujua, nadhiri hakuna tena, atakula ya kwake kwa amani—

PHIONAH: Hapana. Sitaweka samli.

KAVIRA: Juu ya nini? Katembo si iliisha—

PHIONAH: Kwa sababu mpaka saa ile bado anafunga. Nataka habari imkute na mdomo safi. Asije akasema hata siku ya mwisho walinichafua. Nitaponda bogoya, oti, karanga, chumvi. Kama ya kwanza.

[sauti ya kike inasema salio linakwisha]

PHIONAH: Umesikia? Ya Sylivia inaisha. Toa mukebe chini ya kitanda leo, yaya. Usiifungue. Iweke tu mezani, mama azoee kuiona.

KAVIRA: Nitaiweka.

PHIONAH: Uniapie.

KAVIRA: Kwa ile mafundo ya kijani. Lakini Phionah, bila mafuta itavunjika mu njia. Itafika unga.

PHIONAH: Ivunjike, yaya. Wewe tafuta tu kiji—

[simu inakatika]

KAVIRA: Haloo? ... Kijiko. Nimesikia, kijiko. Phionah? ... Haloo?