Kamera Inayoona Mpaka Jikoni

Mbele ya kibanda cha Mama Myriam, mtaa wa Manika hapa Kolwezi, kuna benchi la mbao ambalo halijawahi kukaliwa na mtu asiye na maoni. Kahawa ya tangawizi huanza kuchemka saa kumi na mbili, na ubishi huanza dakika tano kabla. Wenye benchi ni watatu. Tata Ntambwe, fundi umeme mstaafu wa bwawa la Nzilo, wanamwita Courant, yaani umeme. Baudouin, mwalimu wa kwaya, aligombea uchaguzi mara moja akapata kura chache kuliko idadi ya ndugu zake, na tangu hapo jina lake ni Député, yaani mbunge. Wa tatu ni Sadrack, kijana mchimbaji wa kobalti. Huyo ni Teneur, yaani kiwango cha madini ndani ya jiwe, kwa sababu hata sahani ya ugali yeye huitafutia kiwango.

Ijumaa ile Ntambwe alifika amekumbatia mfuko wenye kamera mbili za video. Kesho yake binti yake Marlène alikuwa anaolewa. Mwenye duka alimruhusu aondoke na kamera zote mbili mpaka saa sita, akabaki na kadi ya kura ya Ntambwe kama dhamana. Moja angeichukua, nyingine angeirudisha.

Na hakuwa anatafuta kitu cha kuringia. Mama yake mzazi, Mama Mushiya, yuko Kisenge, mbali na hapa, mwaka wa pili huu hatoki kitandani. Ndiye aliyemlea Marlène baada ya mama yake kufariki. Mwaka jana, alipooa Gael, kaka yake Marlène, Ntambwe alimlipa mpiga picha fulani kisha akaipeleka video Kisenge mwenyewe. Ndani ya kanisa ilikuwa weusi mtupu, nje weupe mtupu. Bibi aliitazama mpaka mwisho bila kulalamika, halafu akasema, "Asante mwanangu, nimesikia." Neno hilo lilimkaa Ntambwe kooni mwaka mzima. Safari hii, liwalo na liwe, mama yake angeona.

— Chukua ile kubwa, alisema Député kabla hata hajakaa. Soma hii etiquette inabandikwa hapa ku mugongo yake. Namba iko na bazéro ngapi? Mutu akiona hizi zéro, anajua hii ni mashini.

— Zéro haiangazaki kanisa, akajibu Ntambwe. Kanisa yetu iko na madirisha mbili, na courant ya pale mi njo naijua. Bamama bakiwasha réchaud za kupikia, inashuka. Kamera haina kosa. Ni voltage.

— Courant, kwako kila kitu ni voltage! Ata siku mbuzi yako alikufa ulisema ni voltage.

— Na ilikuwa voltage! Alikula waya!

Mama Myriam alicheka mpaka akamwagia kahawa sahani badala ya kikombe. Député hakucheka. Alikuwa na nadharia, na mtu mwenye nadharia hacheki.

— Mi nabaambiaka nini? Ni mavumbi ya mugodi ya Mashamba. Inatoka kule mu carrière, inakuya mpaka hapa, inakamata ku lentille, ku jicho ya kamera, inakula mwangaza. Mu kanisa inafungiwa, haina pa kutokea, njo maana inakula mara mbili.

— Na nje? aliuliza Mama Myriam. Juu ya nini video ya Gael ilikuwa nyeupe nje?

— Nje mavumbi imeshiba, mama.

Benchi likampigia makofi mawili, ya heshima. Uongo mzuri kiasi hicho haupatikani kila siku.

— Hapana, akasema Teneur. Kamera ni sawa creuseur, mutu wa kuchimba. Akitoka mu shimo, jua inamupiga, haone kitu. Akirudi mu shimo, haone kitu tena. Inaomba izoee. Tuilalishe leo mu nyumba yenye giza, kesho tuitoe polepole, sawa mutoto muchanga.

— Na bwana harusi angoje kamera iamuke? aliuliza Ntambwe.

Alisema kwa mzaha, lakini alikuwa ametazama saa yake. Saa tatu ilikuwa imeshapita. Aliziweka kamera mbili mapajani: ile kubwa, nyeusi, yenye kibandiko kilichojaa tarakimu, na ile ndogo ya kijivu, iliyokwisha kutumika, isiyo na hata sanduku. Macho yake yalikwenda kwenye tarakimu, kama macho ya kila mtu.

— Vieux, muzee wangu, alisema Teneur, na safari hii sauti yake ilikuwa ya kazini. Acha namba. Sikia mi. Napelekaka mifuko yangu ku dépôt ya kuuzisha majiwe. Mununuzi anaweka mashini yake: teneur mbili. Natoka, naenda ku dépôt ya jirani, majiwe ni ile ile: teneur ine. Namba ni maneno ya mwenye mashini. Njo maana siye tunachukuaka échantillon, majiwe ya kupima, siye benyewe. Ya juu ya mufuko, ya katikati, na ya chini kabisa. Pale hakuna mutu wa kukudanganya.

— Kamera haina mufuko, Teneur.

— Iko nayo. Juu ni hapa ku jua. Katikati ni ku mulango. Chini ni kule mu jiko ya Mama Myriam.

Jiko la Mama Myriam liko nyuma ya kibanda. Halina dirisha, na kuta zake zimekuwa nyeusi kwa moshi wa makaa. Ntambwe alilitazama, akaliona kanisa lao saa kumi alasiri. Kijana alikuwa amesema kweli.

Kamera ilishikwa na Mama Myriam, maana wanaume wote watatu walitaka kuonekana. Kubwa ilianza. Kwenye jua ilitoa picha ambayo meno ya Député yangeweza kuhesabiwa. Mlangoni ikafanya vizuri. Wakaingia jikoni wakiwa wameinamisha vichwa, na kumbe, jikoni nako picha ilikuwa safi! Député akaanza kucheza dansi kati ya masufuria.

— Nilisema! Zéro haidanganye!

Wakajaribu ndogo. Nayo ikawa safi. Ntambwe alichanganyikiwa. Zote mbili nzuri jikoni? Basi yule mpiga picha wa mwaka jana alikuwa na kamera ya namna gani?

— Teneur, aliuliza Mama Myriam polepole, ku kichwa yako kuko nini?

Wote wakageuka. Kwenye paji la uso la Teneur taa ya shimoni ilikuwa inawaka kama ya gari. Yeye mwenyewe alishtuka. Akiinama tu kuingia mahali penye giza, mkono wake huenda kwenye swichi bila kumuuliza mwenyewe.

— Umeharibu échantillon! alipiga kelele Député, yeye aliyekuwa anacheza sasa hivi. Umetia majiwe ya mutu mwingine mu mufuko!

— Pardon, pardon! Ni mazoea!

Taa ikazimwa, wakarudia. Kubwa kwanza.

— Sione mutu, alisema Mama Myriam akikazia macho kioo cha kamera. Nasikia Député tu.

Ntambwe alifumba macho. Nasikia. Neno lile lile. Akampa Mama Myriam kamera ndogo, akajisimamisha kwenye kona mbaya kuliko zote, nyuma ya gunia la makaa, akangoja kama mtu anayengoja majibu ya daktari.

— Eeh! Tata Ntambwe, nakuona. Naona ndevu. Naona ata ile kovu ya Nzilo. Naona mvuke ya kahawa nyuma yako!

Wakatoka nayo mbio hadi juani. Mlangoni picha ilipepesa kidogo, ikatulia. Nje haikugeuka nyeupe. Anga lilikuwa la buluu, barabara nyekundu, na kila mtu alikuwa na uso wake.

— Namba yake ngapi? aliuliza Député kwa unyonge.

— Haina ata etiquette! akajibu Teneur.

Ntambwe aliliruka benchi, mzee wa miaka sitini na saba! Akaagiza kahawa kwa kila mtu, akiwemo mwendesha pikipiki aliyesimama kuangalia kelele ni za nini. Alijiona ameshinda giza na jua kwa asubuhi moja. Député alikubali kushindwa, ila kwa masharti: alisema mavumbi yalikuwa yamechoka.

Hapo Marlène akatokea, nywele zimesukwa nusu, nusu zimesimama. Alikuwa anamtafuta baba yake kwa habari za viti. Wote wanne wakamsimulia kwa pamoja. Alisikiliza, akaichukua kamera ndogo, akaigeuzageuza.

— Na kesho ni nani ataishika, papa?

— Mi mwenyewe! Toka nyumba mpaka kanisa, toka kanisa mpaka ku fête ya arusi. Siiachie ata dakika moja.

— Basi nkambo kule Kisenge atakuona wapi mu video?

Ntambwe alikuwa amefikiria voltage, madirisha, vumbi na mvua. Hilo hakulifikiria. Mama yake ana mtoto mmoja tu wa kiume, na miaka miwili sasa amemwona mara moja.

— Kesho mi njo nitashika, alisema Mama Myriam. Mukono yangu haitetemeke. Weye tembeza mutoto mpaka mu kanisa.

Marlène alikuwa ameshabonyeza kitufe cha kamera. Taa ndogo nyekundu ikawaka.

— Anza leo, papa. Sema na nkambo.

Ntambwe alinyoosha kola. Mzee anayeweza kubishana kutoka kahawa hadi chakula cha mchana sasa alipaza sauti kwa mtu mmoja tu.

— Mama! Ni mi, Ntambwe. Niangalie. Nimetoa mvi, lakini niko muzima. Kesho naolesha mutoto yako, yule uliyebeba ku mugongo. Jumatatu nakuya, nitakaa na weye juma muzima.

Alisema huku akitembea. Aliacha jua, akavuka mlango, akaingia jikoni mpaka kwenye kona ya makaa, Marlène akimfuata na kamera. Nyuma yao Député na Teneur walinyata, wakichungulia kioo juu ya bega la binti.

— Anaonekana! alilipuka Teneur. Mama Mushiya, eko anaonekana yote! Ata machozi!

— Nyamaza, Teneur, alisema Ntambwe akicheka na kulia. Naongea na mama yangu.

Akaendelea kuongea. Nje Mama Myriam aliinamisha birika, halikutoa hata tone, na asubuhi ile hakuna aliyedai kikombe kingine.