Mzee Elieza Mlowe, Dobi Aliyeshtakiwa kwa Kucheza Ngoma

Tarehe 30 Juni 1956, Mzee Elieza Mlowe anastaafu baada ya kufua mashuka ya hospitali yetu ya misheni, hapa Njombe, kwa miaka ishirini na mitano. Alikuja kutoka Matembwe akiwa kijana, na sifa zake zikaenea hadi zahanati ya Makambako ikawa inamletea mashuka yake kwa lori.

Shuka likikamuliwa na Mzee Elieza halikudondosha tone. Mengine yalichanika, nasi wauguzi tukashona viraka huku tukimsifu.

Miaka mitano iliyopita vidole vyake vilianza kuamka vimevimba, vya kulia sawasawa na vya kushoto. Asubuhi hakuweza kufunga kifungo. Mkewe, Ema, ndiye aliyemvalisha shati. Jua likipanda vililegea, ila uchovu haukumwacha. Jirani wote walilaumu maji ya baridi. Yeye, akihofia kuachishwa kazi, alinyamaza. Alikunja suruali, akaingia ndani ya beseni kubwa, akawa anafua kwa miguu, akiimba ili kusahau maumivu.

Ndipo alipopita Methusela, mzee mwenzake wa kanisa. Mbio hadi kwa mchungaji: "Elieza anacheza ngoma mchana kweupe, tena magoti nje!"

Baraza la wazee likamwita, uzee wake wa kanisa ukiwa hatarini. Alipotakiwa kujieleza, aliweka mikono mezani, machozi yakimlengalenga. Daktari wetu akaitwa.

"Hii ni baridi yabisi," alisema daktari, "ingawa baridi mnaisingizia bure. Ndani ya kila kiungo mna utando laini unaotoa ute wa kukilainisha. Mwili una walinzi wake wa kupambana na maradhi. Baadhi yetu tunadhani walinzi hao hukosea, wakaushambulia utando huo kana kwamba ni mwizi. Utando unavimba, unakuwa mnene, mwishowe unakula mfupa wenyewe. Chanzo bado tunakitafuta."

"Kwa hiyo si kulewa ulanzi?" aliuliza Methusela.

"Hata kuunusa, ndugu yangu," alijibu Elieza.

Baraza likaangua kicheko, shauri likafa. Kesho yake Methusela alikuja kuomba radhi kwa vitendo: akakamua mashuka yeye mwenyewe. Yalikaa kwenye kamba siku nzima yakichuruzika, Mzee Elieza akiwa kigodani, akitoa amri kama jemadari.

Hospitali ikampa usimamizi wa dobi wote. Aspirini ilipunguza maumivu. Vidole vilivyopinda havikunyooka tena, lakini ulimi wake ulibaki mwepesi, na dobi wapya wanalijua hilo vizuri.

Mzee wetu, asante kwa kututandikia usafi katika homa, uzazi na misiba. Huko Matembwe unakorudi tunakuombea jua la mapema na asubuhi zisizo na ukaidi wa vidole.

Nanyi mtakaokuja kumuaga, msalimieni "Kamwene" kwa kinywa tu, mkono msiuminye. Ema ameahidi kusimama mlangoni na mwiko.