Ardith Skogen na Viwavi Waliotoweka

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Ardith Skogen. Ardith Skogen, mpishi wa shule yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Alifariki Jumanne iliyopita akiwa na miaka sabini na tisa. Wengi wenu aliwalisha. Wengi wenu pia mlimshuku, naye akawashuku ninyi, basi tusidanganyane.

Mambo yalianzia bustanini. Miaka minane iliyopita Ardith alichimbua nyasi zote za mbele ya nyumba yake, akapanda gugu-maziwa. Ndiyo, gugu-maziwa. Lile lile tulilolelewa kuling'oa kwenye mashamba ya soya, mstari kwa mstari, jua likituunguza shingo. Hapa Iowa, anayelipanda gugu hilo mlangoni kwake ama karukwa na akili, ama ana lake jambo.

Ardith alikuwa na lake. Kipepeo-mfalme, yule wa rangi ya chungwa mwenye mishipa myeusi, hutaga mayai kwenye mmea huo tu. Viwavi wake hawali kingine.

"Mashamba yamesafishwa mno," alimwambia bintiye, Marlys. "Nisipowapandia mimi watakula nini, lami?"

Mwezi haukuisha, barua ikaja kutoka halmashauri ya mji. Kuna mtu amelalamika. Mimea ya mbele ya nyumba isizidi inchi nane. Mlalamikaji hakutajwa, na Ardith hakuhitaji kutajiwa. Alitazama upande wa pili wa ua, kwa Verlyn Huisman, mkulima mstaafu mwenye nyasi fupi kama kichwa cha kuruta.

Alikwenda kwenye kikao cha halmashauri na sahani ya keki. "Hata kabichi ni gugu kwa asiyeipenda," aliwaambia. Wakaila, wakacheka, wakamruhusu. Lakini jicho lake halikumwacha Verlyn.

Kisha ikaja Ijumaa ile ya Julai. Alhamisi, Ardith alikuwa amehesabu viwavi kumi na wanane, wanene kama kidole. Ijumaa, hakuna hata mmoja. Na asubuhi hiyo alimwona Verlyn akipita na bomba la dawa mgongoni.

"Verlyn! Umewafanya nini wanangu?"

"Wanao wapi tena? Si Marlys yuko Des Moines?"

"Usinichezee! Viwavi wangu!"

"Nimepuliza magugu kwenye nyufa za njia ya gari tu, jirani. Ningewaua wangekuwa wamelala hapo chini. Unaona maiti?"

"Mjanja haachi maiti."

Jioni Verlyn alimwachia mahindi mabichi mlangoni. Ardith akayarudisha yote, akayamwaga kwenye ngazi za Verlyn. Katika mji huu, kurudisha mahindi ya jirani! Sijapata kusikia tena.

Siku tisa Ardith alikaa dirishani akimchunguza. Akaona jambo la ajabu. Verlyn hakati nyasi. Verlyn! Nyasi zikapanda hadi kwenye vifundo vya miguu, kisha zikavipita. Posta watu walinong'ona, "Yule mama kamwambukiza." Mimi nami nilinong'ona. Ardith hakuamini hata hilo. "Anapanga kitu," alimwambia Marlys kwenye simu.

Siku ya kumi Verlyn akabisha hodi. "Njoo bandani kwangu. Na uache maneno yako hapa."

Aliinama, akamwonyesha chini ya kiti cha mashine ya kukatia nyasi. Vifuko vitano vya kijani, vyenye nukta za dhahabu, vilining'inia. Vingine chini ya rafu. Kumbe kiwavi akishashiba huuacha mmea wake, akatambaa mbali kutafuta pa kujigeuza kuwa kipepeo. Kitabu cha vipepeo alichokuwa nacho Ardith kilisema hivyo. Ukurasa huo alikuwa ameuruka.

"Ningewasha mashine wangepukutika wote," Verlyn alisema. "Na leo halmashauri imeniandikia. Inchi tisa."

Ardith aliangua kicheko. Akataka kukaa juu ya ndoo.

"Si hapo! Mshikio wa ndoo una wawili!"

Tangu siku hiyo alikula mahindi ya Verlyn kila kiangazi. Verlyn naye akapanda gugu-maziwa ukingoni mwa njia yake. Suala la barua ile ya kwanza, nani aliiandika, halikuguswa tena. Lakini kiti cha dirishani Ardith hakukiondoa.

Jumamosi tulimzika. Baadaye, katika ukumbi wa chini ya kanisa, Verlyn alimfuata Marlys na kikombe cha kahawa mkononi. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Ile barua, Marlys. Mlalamikaji nilikuwa mimi. Miaka yote hii nilitaka kumwambia."

"Mama alijua," Marlys alimjibu. "Alijua tangu kiangazi kile. Karani wa halmashauri ni binamu yetu."

"Mbona hakuniuliza?"

"Alisema, 'Akija kuniambia mwenyewe, nitamkaanga kwa maneno saa nzima, kisha nitamkatia keki.' Kila ulipopita uani, mama alibandika maji ya kahawa jikoni."

Verlyn alitafuta kiti, akakaa.

Marlys, na ukoo wote wa Skogen, poleni sana. Nawe Verlyn, unayenisikiliza huko jikoni kwako, pole. Wasikilizaji wapendwa, yupo jirani unayemshuku, na lipo jambo ulilomficha. Nyumba yake iko hatua ishirini tu. Nazima kipaza sauti sasa, maana nami nina mlango wa kubisha.