Dumu la Maji ya Nyumbani

Treni ilikuwa ikikaribia Dodoma, na Petro, aliyejifanya anatazama mashamba dirishani, hakupitwa na neno. Mbele yake msichana aitwaye Ruthu alikuwa akimweleza mama aliyekaa naye kwamba anakwenda mjini kung'arisha meno kabla ya harusi. Alisema yote hayo amefunika mdomo kwa kiganja.

"Usije ukasugua ndimu na magadi kama mimi," yule mama alimwambia. "Sasa hata uji wa moto unaniuma. Muone kwanza daktari wa meno, mwanangu. Mimi aliniambia rangi hii ya kahawia ni ya maji ya kisima, iliingia meno yakiwa bado ndani ya ufizi. Dawa ya kupaka haiitoi yote."

"Lakini mama, maji ya kisima chetu matamu! Hata dumu hili nampelekea mtoto wa dada yangu, hapo mjini Miyuji. Ya bomba hayataki."

"Mtoto ana umri gani?"

"Ndiyo kwanza anaota meno."

Yule mama alilitazama dumu, kisha akamtazama Ruthu mdomoni. Kiganja cha Ruthu kikashuka taratibu.

Treni ikasimama. Petro, aliyekwisha kulishika dumu ili amshushie Ruthu, akabaki nalo mkononi, asijue ampe au aliache humo ndani.